Jiwe la Sikio

Mwaka niliozaliwa ndio waliosimamisha mnara
juu ya miamba ya Mabatini, mama anasema,
na kwamba nilitambaa kuufuata mwanga wa simu
kabla sijatambaa kulifuata titi.
Anatia chumvi. Lakini si nyingi.

Nilipouliza mbona mbingu ni buluu
hakuna aliyeniambia "nyamaza", wala "kesho".
Niliandika, ikajibu. Nikauliza tena, ikajibu.
Darasa la tano nilijua kina cha bahari ya Norwe
na sikujua kina cha maji pale Kirumba,
hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu.

Ndivyo nilivyoingia chuoni Nyegezi:
madesa yote kiganjani, bando la wiki,
mihadhara naisikiliza kwa kasi ya moja na nusu,
hata mtu akinisimulia msiba wake
kidole kinatafuta pa kumsogeza mbele.

Halafu Mwalimu Nabigambo akaja na ndoo.
Vichwa kumi na saba vya sangara,
mabaki ya kiwanda, bado vinachuruzika.
"Kila mtu na kichwa chake. Toeni jiwe la sikio,
mniambie samaki huyu aliishi miaka mingapi."

Sikujua kama samaki ana sikio.
Chini ya meza nikaperuzi. Sekunde nne:
*sangara huweza kufikia miaka kumi na sita.*
Nikanyoosha mkono, nikataja.
"Huyo sangara wa nani?" akauliza.
Darasa likacheka.
"Mimi nauliza huyu wa kwako."

Kisu. Damu. Kishimo nyuma ya jicho,
na kijiwe cheupe, chembamba,
kama ukucha wa mtoto.
Samaki anayo mawili. La kwanza nililivunja.

Usiku bwenini nikamrudia mlezi wangu wa kioo,
na sitamsingizia: alinifaa.
Kijana mmoja wa Manila, sauti ya mafua,
jogoo akiwika nyuma yake,
alinionyesha namna ya kusugua kwa msasa,
unazungusha, husukumi,
kisha tone la mafuta ya kupikia.
Hatujaonana, hatutaonana,
nami namwita mwalimu.

Lakini kuhesabu, nilihesabu mwenyewe.
Pete ya giza, pete ya nuru,
miezi ya njaa, miezi ya dagaa tele.
Nikapata tano. Misoji, tunayegawana hadubini, akapata nne.
Nikarudia: nne. Akarudia: tano.
Tukacheka, kisha tukaacha kucheka.
Nikaiuliza simu: pete ya tatu
ni moja, au ni mbili zilizobanana?
Ikaniletea pete za ndoa,
dhahabu, punguzo mpaka Ijumaa.

Mama huuza dagaa Mwaloni.
Hufikicha wachache, hunusa, husema:
hawa walianikwa mchangani, mvua ikawawahi.
Utotoni nilimuuliza, umejuaje?
"Nimekaa nao."
Niliona si jibu.
Lilikuwa halina hata kiungo cha kubonyeza.

Asubuhi nikaandika kwenye ripoti: *minne, au mitano.*
Nilijua nimefeli.
Mwalimu akasoma, akavua miwani.
"Ziwa letu halina theluji
ya kuuandika mwaka kwa herufi kubwa," akasema.
Hakuweka tiki, hakuweka mkasi.
Aliandika pembeni kwa penseli, *angalia tena,*
akaendelea na ndoo yake.

Nimeangalia tena mara ishirini na moja.
Bando limeisha bila mimi kujua.

Kijiwe nimekihifadhi nyuma ya kava la simu.
Siku hizi nikiperuzi haraka haraka
nakisikia kinagonga.